John Akii-Bua: dhahabu ya Uganda na deni lililobaki

Kila Michezo ya Olimpiki inapomalizika, mataifa hupangwa katika jedwali la medali kama wanafunzi wanaosomewa matokeo ya mtihani. Walio juu hushangilia, walio chini hutafuta wa kulaumiwa, na wabunge huuliza fedha za umma zilizotolewa zimezaa medali ngapi.

Katika jedwali la Michezo ya Munich ya mwaka 1972, Muungano wa Kisovieti uliongoza kwa dhahabu 50, ukifuatiwa na Marekani kwa dhahabu 33 na Ujerumani ya Mashariki kwa dhahabu 20. Kenya ilirejea na medali tisa, mbili kati yake zikiwa za dhahabu. Uganda ilipata medali mbili tu: ya fedha, aliyoitwaa bondia Leo Rwabwogo, na ya dhahabu, iliyokuwa ya kwanza katika historia ya nchi hiyo.

Dhahabu hiyo ilikuwa ya askari polisi mwenye umri wa miaka 22, John Akii-Bua, mshindi wa mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Kwa msomaji wa tarakimu, habari yake inaishia hapo. Lakini maisha yake, yaliyokatika mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 47, ni kipimo kizuri kuliko jedwali lolote kwa mtu anayetaka kujua nchi imewekeza nini kwa wanamichezo wake, na imewalipa nini baada ya ushindi.

Mtoto wa chifu, askari wa polisi

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba mwaka 1949 katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane na watoto zaidi ya 40. Kama watoto wengi wa huko, alichunga ng'ombe. Baba alipofariki, kijana huyo alikuwa bado katika umri wa kwenda shule, lakini masomo yalikatika, naye akaenda kufanya kazi katika baa ya kaka yake mjini Lira.

Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na jeshi la polisi. Hatua hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa riadha, na inafaa kuitazama kwa makini, maana inaeleza namna nchi za Afrika Mashariki zilivyogharimia michezo katika miaka ya mwanzo ya uhuru.

Wakati huo sheria za Olimpiki zilimkataza mwanamichezo kupokea malipo kwa ajili ya mchezo wake. Avery Brundage, Mmarekani aliyeiongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki hadi mwaka 1972, aliisimamia kanuni hiyo kwa ukali mkubwa. Mapema mwaka huohuo, mteleza kwenye theluji wa Austria, Karl Schranz, alizuiwa kushindana katika Michezo ya Majira ya Baridi ya Sapporo kwa kushirikiana na kampuni za biashara.

Kanuni hiyo iliwafaa wenye mali, ambao waliweza kufanya mazoezi bila kuwaza chakula cha kesho. Mtoto wa mkulima au mfugaji hakuwa na njia ila kuajiriwa mahali ambapo mwajiri angemruhusu kukimbia. Ndiyo maana Abebe Bikila wa Ethiopia alitoka katika kikosi cha walinzi wa mfalme, Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa polisi, na Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa mwanajeshi. Mshahara wa askari, chakula cha kambini na saa chache za ruhusa ndivyo vilivyokuwa bajeti ya michezo, ingawa havikuandikwa hivyo katika vitabu vya wizara ya fedha.

Katika polisi ya Uganda, Akii-Bua alimkuta Jorem Ochana, askari mwenzake aliyekuwa mashuhuri katika mbio za viunzi. Ochana alimfundisha misingi ya mchezo huo. Mwanzoni kijana huyo alikimbia mbio fupi za mita 110, na mbio za mita 400 zilikuja baadaye.

Mwalimu na programu

Mwaka 1968 Uganda ilimpokea Malcolm Arnold, Mwingereza aliyekuja kuwa kocha wa taifa wa riadha. Baadaye jina lake lingejulikana duniani kote, hasa kwa kumfundisha Colin Jackson wa Wales, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 za viunzi mwaka 1993. Lakini alipofika Kampala alikuwa kocha kijana, asiye na vifaa vingi vya kufanyia kazi.

Arnold alimwona Akii-Bua kuwa na jambo ambalo wakimbiaji wengi wa viunzi hawakuwa nalo: aliweza kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Katika mbio za mita 400 kuna viunzi kumi, na kati ya kimoja na kingine kuna mita 35. Mkimbiaji anapochoka, hatua zake hufupika. Asiyeweza kubadili mguu hulazimika kuongeza hatua mbili kwa mkupuo ili akifikie kiunzi kwa mguu wake uleule, naye hupoteza muda. Anayeweza kutumia miguu yote miwili huongeza hatua moja tu na kuendelea.

Alimhamisha basi kutoka mita 110 kwenda mita 400. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akii-Bua alimaliza wa nne. Walioridhika na medali tu waliiona nafasi hiyo kuwa si kitu, lakini mwalimu wake aliiona kuwa mwanzo. Mazoezi yakaongezwa. Mkimbiaji alivaa kizibao chenye uzito, akaruka viunzi vilivyoinuliwa kupita kimo cha kawaida, na akakimbia masafa marefu kuliko yale ya mashindano yenyewe. Mwaka 1971 alishindana Marekani na muda wake ukamweka miongoni mwa wakimbiaji bora wa dunia.

Tukiuliza Uganda iliwekeza nini katika dhahabu ya Munich, jibu ni fupi. Ilitoa ajira ya kudumu katika polisi, kocha mwenye ujuzi aliyeachwa afanye kazi kwa miaka minne mfululizo, na nauli za kwenda kushindana ng'ambo. Haikuwa fedha nyingi, lakini ilitolewa mapema, kabla hakujawa na medali ya kujivunia, na ilitolewa kwa mpango.

Sekunde 47.82

Siasa za nchi, hata hivyo, zilikuwa zimekwisha kubadilika. Januari mwaka 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote, mzaliwa wa Lango. Katika miezi iliyofuata askari wengi wa makabila ya Lango na Acholi waliuawa makambini, yakiwemo mauaji ya Jinja na Mbarara. Tarehe 4 Agosti mwaka 1972 Amin akatangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 za kuondoka. Timu ya Uganda ilikwenda Munich wakati nchi yake ikitajwa katika vyombo vya habari vya dunia kwa sababu hiyo.

Fainali ilikimbiwa tarehe 2 Septemba. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na ambayo wakimbiaji wa viunzi huiogopa. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya sekunde 48.12 katika hewa nyepesi ya Mexico City, mji ulioko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Alikuwamo pia Ralph Mann wa Marekani.

Hemery alianza kwa kasi kubwa. Akii-Bua alimfuata bila papara, akampita walipoingia sehemu ya mwisho, akamaliza kwa sekunde 47.82. Mann alikuwa wa pili kwa sekunde 48.51 na Hemery wa tatu kwa 48.52. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla ya siku hiyo.

Baada ya kuvuka mstari hakusimama. Aliendelea kukimbia akizunguka uwanja, akiruka viunzi vilivyobaki na hata ambavyo havikuwepo, huku watazamaji wakimshangilia. Mzunguko wa ushindi leo ni desturi kila mahali.

Siku tatu baadaye kundi la Wapalestina wenye silaha lilivamia makazi ya timu ya Israel. Wanamichezo na makocha 11 wa Israel walipoteza maisha, na dunia ikaikumbuka Munich kwa msiba huo. Medali ya Uganda ikafunikwa na habari kubwa kuliko riadha.

Zawadi na hofu

Nyumbani, Amin alimpokea bingwa kwa shangwe. Akii-Bua alipandishwa cheo katika polisi, akapewa nyumba mjini Kampala, na barabara moja katika mtaa wa Nakasero ikapewa jina lake. Uwanja wa michezo wa Lira nao ukaitwa kwa jina lake.

Zawadi zote hizo zilitolewa baada ya ushindi. Yale yaliyouleta ushindi yalianza kupotea. Arnold aliondoka Uganda, na mpango wa mazoezi aliouasisi haukupata mrithi wa kiwango chake. Uchumi uliporomoka baada ya kufukuzwa kwa Waasia, na fedha za kigeni za kupeleka timu nje zikawa adimu. Nyumba na cheo havikuweza kuziba pengo la mwalimu na mashindano.

Tena, mtu aliyepewa heshima hiyo alitoka katika kabila lililokuwa likiandamwa na utawala uleule uliomheshimu. Baadhi ya ndugu zake waliuawa katika miaka ya Amin. Bingwa wa taifa aliishi akijua kwamba sifa yake ilimlinda leo na ingeweza kumponza kesho. Serikali iliitumia medali yake kujipamba mbele ya dunia, naye hakuwa na uwezo wa kukataa.

Licha ya hayo yote, Januari mwaka 1973 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, na kwa miaka minne hakuna aliyeivunja rekodi yake ya dunia. Matumaini yake yote sasa yalikuwa katika Michezo ya Montreal ya mwaka 1976.

Montreal bila Afrika

Juni mwaka 1976 polisi wa Afrika Kusini waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Katika kipindi hichohicho timu ya raga ya New Zealand ilikuwa na ziara nchini humo. Mataifa ya Afrika yalidai New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ilikataa, ikisema raga si mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Kiafrika, zikasusia Michezo. Uganda ilikuwa mojawapo.

Hoja ya kisiasa ilikuwa na uzito, na historia ya ubaguzi wa rangi imeonyesha hivyo. Lakini gharama yake ilibebwa na watu wachache ambao hawakuulizwa. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukutana na John Walker wa New Zealand, ambaye alitwaa dhahabu hiyo. Akii-Bua naye hakukutana na kijana wa Kimarekani, Edwin Moses, aliyeshinda mbio za viunzi na kuivunja rekodi ya sekunde 47.82.

Katika jedwali la mwaka 1976 Uganda haina hata mstari mmoja. Anayehukumu nchi kwa medali peke yake ataandika sifuri na kupita, bila kutenganisha mkimbiaji aliyeshindwa na yule ambaye hakuruhusiwa kusimama kwenye mstari wa kuanzia.

Kutoka mkimbiaji hadi mkimbizi

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Amin yalivamia eneo la Kagera, na Tanzania ikajibu kwa vita. Tarehe 11 Aprili mwaka 1979 Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni.

Kwa mtu wa Lango, kuanguka kwa Amin kulipaswa kuwa ukombozi. Lakini Akii-Bua alikuwa afisa wa polisi aliyepandishwa cheo na Amin, na alihofia kuhesabiwa miongoni mwa watumishi wa dikteta. Alivuka mpaka pamoja na familia yake na kuingia Kenya, ambako aliwekwa katika kambi ya wakimbizi.

Kiswahili kina neno moja ambalo kwalo hupatikana majina mawili: mkimbiaji na mkimbizi. Bingwa wa Olimpiki alibeba yote mawili. Sisi tunaoishi mbali na nchi zetu tunajua jinsi hatua kati ya jina la kwanza na la pili inavyoweza kuwa fupi, na jinsi vyeti na nishani visivyosaidia kitu mbele ya afisa wa mpakani.

Waliomtoa kambini hawakuwa serikali yoyote, wala kamati ya Olimpiki ya nchi yake. Kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa akivaa, ilisaidia afunguliwe na kumpeleka Ujerumani Magharibi, ikampa kazi. Kampuni ya biashara ikawa imetimiza wajibu ambao taifa lilishindwa kuutimiza.

Mwaka 1980 alikwenda Moscow kuiwakilisha Uganda. Umri, misukosuko na miaka iliyopotea vilikwisha kuacha alama, na hakufika fainali. Katika Michezo hiyo Uganda ilipata medali ya fedha kupitia bondia John Mugabi. Tanzania ilipata medali mbili za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, ambazo hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 zilikuwa bado ndizo pekee katika historia ya nchi hiyo.

Kurudi nyumbani

Akii-Bua alirejea Uganda katika miaka ya mwanzo ya 1980, akarudi katika polisi na kufundisha riadha. Nchi ilikuwa katika vita vingine vilivyoendelea hadi mwaka 1986. Viwanja viliharibika, mashindano ya shule yakadhoofika, na kocha mwenye rekodi ya Munich hakuwa na uwanja wa kiwango cha Munich wa kufundishia vijana wake.

Alifariki tarehe 20 Juni mwaka 1997 mjini Kampala, akiwa mjane, akaacha watoto 11. Serikali ilimpa mazishi ya kitaifa. Mwaka huohuo ndipo Kampala ilipofungua uwanja wa kisasa wa Namboole, uliojengwa kwa msaada wa China. Kwa miaka 25 tangu ushindi wake, jina la bingwa lilikuwa kwenye kibao cha barabara na kwenye uwanja wa Lira, ambao kwa miongo kadhaa ulibaki ukingojea kukarabatiwa.

Namna ya kuhesabu

Uganda ilingoja miaka 40 kabla ya dhahabu ya pili. Ilikuja London mwaka 2012 kwa Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni, askari wa magereza ambaye alikuwa akifanya mazoezi Kenya. Baada yake mambo yalibadilika. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai walitwaa dhahabu, na Uganda ikarudi na medali nne. Paris mwaka 2024 iliongeza dhahabu ya Cheptegei katika mita 10,000 na fedha ya Chemutai. Kwa jumla, hadi hapo Uganda ilikuwa na medali 13, tano zikiwa za dhahabu.

Mafanikio haya ni ya kweli, lakini yanafanana na ya Munich kwa jambo moja. Cheptegei naye ni polisi. Sehemu kubwa ya maandalizi ya wakimbiaji hawa imegharimiwa na mawakala na kampuni za nje, huku kituo cha taifa cha mazoezi cha Teryet, katika milima ya Kapchorwa, kikisuasua kwa miaka mingi katika ujenzi. Serikali imekuwa hodari wa kutoa magari, nyumba na vyeo kwa washindi wanapotua uwanja wa ndege.

Zawadi hizo ni haki yao. Hata hivyo, zawadi si uwekezaji. Zawadi humfuata aliyekwisha kushinda. Uwekezaji humtangulia yule ambaye bado hajajulikana. Uingereza ilipopata dhahabu moja tu mjini Atlanta mwaka 1996, ilianza mwaka uliofuata kuelekeza fedha za bahati nasibu ya taifa kwa makocha na wanamichezo waliokuwa bado wachanga. London mwaka 2012 ilipata dhahabu 29.

Fedha nyingi nazo hazitoshi kuwa kipimo. Ujerumani ya Mashariki, nchi ya watu takriban milioni 17, ilitwaa dhahabu 40 Montreal. Baada ya nchi hiyo kutoweka ikathibitika kuwa dola iliwapa maelfu ya wanamichezo, wakiwemo wasichana wadogo, dawa za kuongeza nguvu ambazo ziliharibu afya za wengi wao. Jedwali la medali halikuandika hilo.

Kwa hiyo anayetaka kuhukumu matokeo ya nchi katika Olimpiki ana maswali mengine ya kuuliza kabla ya kuhesabu. Mwanamichezo alipata mwalimu akiwa na umri gani? Alikula nini katika miaka ambayo hakuna aliyemjua? Nani alilipa alipoumia? Aliruhusiwa kushindana, au siasa zilimfungia nyumbani? Na mbio zilipokwisha, nchi ilimpa kazi ya kuwapokeza wengine ujuzi wake, au ilimngoja mpaka siku ya mazishi?

Kwa maswali hayo, Uganda ya miaka ya 1968 hadi 1972 ilifanya vizuri kuliko medali zake mbili zinavyoonyesha, na Uganda iliyomshangilia Akii-Bua baadaye ilifanya vibaya sana. Rekodi yake ilivunjwa mwaka 1976, kama rekodi zote zinavyovunjwa. Deni la nchi kwake halikulipwa akiwa hai. Linaloweza kulipwa sasa ni lile linalodaiwa na watoto wanaokimbia leo katika vijiji vya Lango na Kapchorwa, ambao majina yao bado hayajaandikwa popote.